Shangazi Kando ya Meko: Neno juu ya Kitabu cha Tano cha Percy Jackson



Mzazi Mkristu akikuta mkononi mwa mtoto wake kitabu chenye habari za miungu wa kipagani, neno la kwanza litokalo kinywani mwake ni hili: "Kitupe!" Hatumlaumu. Anaiogopea roho ya mwanawe, na kuogopa huko ni kazi ya mzazi. Lakini mama apembuaye mchele hamwagi ungo wote kwa sababu ameona jiwe moja. Huutikisa, hupuliza makapi, hutoa mawe, akabakiza chakula. Basi leo tushike ungo, tukipembue kitabu kimoja cha namna hiyo.

Kitabu chenyewe kimetungwa na Mmarekani, jina lake Rick Riordan, nacho kilitoka mwaka 2009. Kijana wa Kasongo, wa Wamaza au wa Kabambare akikipata, yaelekea atakipata kwa Kifaransa, nacho kwa lugha hiyo chaitwa Le Dernier Olympien, maana yake yule wa mwisho katika miungu wa mlima Olympus. Ni kitabu cha tano, tena cha kumalizia, katika hadithi ndefu ya kwanza ya kijana Percy Jackson. Cha kwanza kilitoka mwaka 2005, na baada yake kikatoka kimoja kila mwaka. Sinema mbili zilitengenezwa kwa hadithi hiyo, mwaka 2010 na mwaka 2013, na tangu Desemba 2023 hadithi imeanza kuonyeshwa upya, sehemu kwa sehemu, kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo hata mtoto asiyepata kukiona kitabu aweza kuwa ameziona picha zake katika simu ya mwenzake.

Mtunzi huyo alikuwa mwalimu wa shule. Alianza hadithi hii kwa kumsimulia mwanawe kabla ya kulala, mtoto ambaye kusoma kulikuwa kunamshinda. Ndiyo sababu mashujaa wake nao ni watoto wa namna hiyo: herufi zinawachezea machoni, walimu wanawafukuza darasani, watu wanawaita wajinga. Mwalimu aliyewaonea huruma wanafunzi wa mwisho katika darasa, huyo tumsikilize kwanza, kisha tumhukumu.

HABARI YENYEWE

Wayunani wa kale walisema kwamba miungu wao walikaa juu ya mlima Olympus. Zeus alikuwa mwenye radi, Poseidon mwenye bahari, Hades mwenye kuzimu. Hao watatu walikuwa ndugu, na baba yao aliitwa Kronos. Kronos aliogopa watoto wake wasije wakamnyang'anya enzi, kwa hiyo aliwameza mmoja mmoja walipozaliwa. Lakini waliokoka, wakampindua, wakamtupa shimoni.

Riordan amezichukua hadithi hizo za kale, akazileta katika Amerika ya siku zetu. Katika hadithi yake, Olympus iko juu ya jumba refu la New York, na miungu wangali wakishuka na kuzaa na binadamu. Mtoto azaliwaye hivyo ana mzazi mmoja duniani, na mzazi mwingine juu ambaye hamwoni. Watoto hao hukusanyika katika kambi moja na kujifunza kupiga upanga, maana mazimwi yanawawinda. Wengine hukaa huko miaka na miaka bila kujua wao ni wana wa nani, kwa kuwa mzazi wa juu hajataka kuwakiri.

Katika kitabu cha tano Percy, mwana wa Poseidon, anakaribia kutimiza miaka 16. Uaguzi wa zamani umesema kwamba mtoto wa namna yake, akifikia umri huo, ataiokoa Olympus au ataiangamiza. Kronos ameamka. Hana mwili wake mwenyewe, ila amevaa mwili wa kijana Luke, mwana wa Hermes, aliyejitoa kwake kwa ajili ya hasira. Miungu wakubwa wamekwenda mbali kupigana na jitu kubwa liitwalo Typhon, na lango la nyumba yao limeachwa mikononi mwa watoto. Watoto hao wanapigana katika madaraja na barabara za Manhattan, huku watu wa mji wamelazwa usingizi wa uchawi. Wengi wanakufa. Mwishoni Percy na Luke wanasimama mbele ya viti vya enzi. Yuko pale msichana Annabeth, ambaye Luke alimlea kama mdogo wake zamani walipokuwa watoto wa barabarani. Sauti yake inamrudishia Luke akili kwa muda mfupi. Luke anashika kisu, anajichoma pale penye udhaifu wake, na Kronos anaangamia.

JE, YAFAA MKRISTU AKISOME?

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 14. Mtume Paulo alipomponya kiwete katika mji wa Listra, watu walipiga kelele kwamba miungu wameshuka duniani. Wakamwita Barnaba Zeus, na Paulo wakamwita Hermes, kwa sababu ndiye aliyekuwa msemaji. Kuhani wa Zeus akaleta ng'ombe na mashada ya maua, atoe sadaka. Hao ni Zeus na Hermes wale wale wa kitabu hiki. Mitume walifanya nini? Walirarua mavazi yao, wakawaambia watu kwamba wao ni binadamu tu, na kwamba yuko Mungu mmoja mzima aliyeumba mbingu na nchi. Walikataza kuabudu. Lakini Mtakatifu Luka hakuona hatari kuyaandika majina hayo katika Maandiko, nasi twayasoma kanisani bila kutetemeka.

Hata Mtakatifu Basili Mkubwa, Askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, aliwaandikia vijana habari ya kusoma vitabu vya Wayunani. Akawapa mfano wa nyuki. Nyuki hatui juu ya kila ua, wala akitua halibebi ua zima. Huchukua kinachofaa kwa asali, kingine hukiacha. Sisi wa nchi ya misitu, tujuao kufuata asali, twauelewa mfano huo upesi.

Tena Riordan hamwiti mtu yeyote kuabudu. Katika kitabu chake cha kwanza mwalimu wa kambi anamwambia Percy wazi kwamba habari za Mungu Mwenyezi ni jambo jingine kabisa, silo analolisimulia. Na hao miungu wake wakoje? Wana kiburi, wanagombana kama watoto, wanasahau ahadi zao. Msomaji akifunga kitabu hataona hamu ya kumpigia Zeus magoti. Atamwonea haya. Basi kama ipo hatari katika kitabu hiki, haiko katika majina ya miungu. Tutaitaja mahali pake.

MAMA MWENYE KUNGOJA

Sura iliyo nzuri kuliko zote katika kitabu hiki haina vita. Percy anakwenda nyumbani kwa mama yake Luke. Mama huyo alipotewa na akili zamani, Luke akiwa mdogo, na Luke akatoroka nyumbani angali mtoto. Tangu siku hiyo mama hupika biskuti na kutengeneza mikate kila siku, amwekee mwanawe. Nyumba imejaa vyakula vilivyoungua na vilivyooza. Kila mlango ukibishwa hudhani ni Luke amerudi kula. Na baba yake Luke, Hermes, alijua yote tangu mwanzo, akanyamaza.

Msomaji akitoka katika nyumba ile amekwisha fahamu kwa nini Luke alimfuata Kronos. Kronos hakuipanda hasira moyoni mwa kijana yule. Aliikuta imekwisha kuota, akaimwagilia maji tu. Alimwambia: baba yako hakutaki, njoo kwangu. Na katika jeshi la Kronos wamo vijana wengi wa namna hiyo, waliochoka kungoja kukiriwa.

Wasomaji wa Maniema, je, habari hii ni ngeni kwetu? Tangu vita vya mwaka 1996 neno "kadogo" limepata maana mpya katika Kiswahili cha Kongo: mtoto aliyebeba bunduki. Tuliwaona wakipita, bunduki ndefu kuliko wao wenyewe. Baadaye wengine waliingia katika vikundi vya Mai-Mai, hata katika nchi ya Kabambare yenye dhahabu. Mwaka 2012 mahakama ya mataifa huko La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri kwa kosa la kuwaingiza vitani watoto wasiotimiza miaka 15. Sharti tuseme kweli: wengi wa watoto hao walishikwa kwa nguvu, na hao tusiwahukumu hata kidogo. Lakini wengine walikwenda kwa miguu yao. Hapakuwa na mtu nyumbani wa kuwauliza wamelala wapi, wamekula nini. Huko porini mtu mmoja aliwapa chakula, akawapa jina, akawaambia: wewe ni mtoto wangu. Mtu huyo alikuwa Kronos wao.

Kwa hiyo hatukubali wale wasemao kwamba kitabu hiki ni mchezo wa watoto wa Wazungu. Mtunzi amefika mahali penye kidonda. Jeshi la mwovu hujazwa na wana ambao baba zao hawakuwajali.

KIAPO

Vita vikiisha, Zeus anataka kumlipa Percy. Anamtolea zawadi kubwa kupita zote: awe mmoja wa miungu, asife kamwe. Percy anakataa. Hapo ndipo kilele cha vitabu hivyo vitano. Mtoto aliyepigania enzi ya wakubwa hataki enzi. Anataka waape kwa mto Styx, ambao miungu hawathubutu kuvunja kiapo chake, kwamba tangu sasa watawakiri watoto wao wote kabla hawajatimiza miaka 13. Na kwamba wana wa miungu wadogo, waliokuwa wakidharauliwa, nao wapewe nyumba katika kambi. Miungu wanaapa.

Tumelipenda neno hili. Kijana aliyeshinda angeweza kuomba fedha, sifa, au kisasi. Ameomba kwamba mtoto mwingine asipate uchungu alioupata Luke. Na Luke mwenyewe, akifa, aliomba hivyo hivyo.

Sisi nasi katika Kongo tunacho kiapo cha namna hiyo. Sheria ya Jamaa iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 iliagiza kwamba kila mtoto Mkongo sharti awe na baba, wala mtu hana ruhusa ya kutomjali mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Tena tarehe 10 Januari 2009, mwaka ule ule wa kitabu hiki, ilitolewa sheria nyingine ya kumlinda mtoto. Ni maneno mazuri. Lakini angalieni daftari za ubatizo. Mahali pa kuandika jina la baba pabaki patupu mara ngapi? Na pale palipoandikwa jina, je, mwenye jina anajua mwanawe yu darasa la ngapi?

Hapo ndipo tunapoachana na Riordan. Kwake yeye kiapo kinamaliza shauri. Watoto wanakiriwa kwa sababu sheria imewabana wazazi wao. Kukiriwa ni jambo kubwa, nasi hatulidharau, lakini sheria yaweza kumpa mtoto jina tu, haiwezi kumpakata. Katika Injili yule baba mwenye wana wawili hakubanwa na kiapo chochote. Alimwona mwanawe angali mbali, akapiga mbio kumlaki. Katika hadithi ya Riordan alama huwaka juu ya kichwa cha mtoto siku baba wa juu anapomkiri. Percy alikiriwa hivyo mbele ya wenzake, baada ya kupigana. Kwetu Wakristu mtoto mchanga huletwa kwenye maji ya ubatizo hajafanya tendo hata moja la kusifiwa, na pale pale Mungu humwita mwana. Tofauti hiyo tuwaeleze watoto wetu. Wakiielewa, kitabu cha miungu wa uwongo kitakuwa kimewasaidia kumjua Baba wa kweli.

MWINDO NA SHANGAZI YAKE

Tunayo hadithi nyingine ya kuweka karibu na hii, nayo ni ya Kongo. Ni hadithi ya Mwindo, ya ndugu Wanyanga wa misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliisimulia na kuiimba, ikaandikwa. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969. Ndugu zetu Warega, ambao wengine wao ni wa Maniema yetu, nao wana masimulizi ya namna hiyo, kama lile la Mubila.

Shemwindo, mfalme wa Tubondo, alitoa amri kwamba wake zake wazae wasichana tu. Hakutaka mwana wa kiume. Kama Kronos, aliiogopea enzi yake. Mwindo alipozaliwa, baba yake alitaka kumwua. Aliposhindwa alimfungia ndani ya ngoma, akaitupa mtoni. Mtoto akaimba ndani ya ngoma, akaelea mpaka kwa Iyangura, dada ya baba yake, na shangazi akamwokoa. Halafu Mwindo akarudi na wajomba zake, na radi ya Nkuba ikaiteketeza Tubondo. Baba akakimbilia chini ya ardhi. Mwana akamfuata huko kuzimu. Lakini kabla ya kushuka alimpa shangazi yake ncha ya kamba, naye akashika ncha ya pili, ili shangazi akiiona kamba inacheza ajue kijana angali hai.

Na mwisho wake? Mwindo hakumwua baba yake. Alimkamata, akamleta juu mzima, akawafufua watu wa Tubondo. Ukakusanywa mkutano mkubwa. Baba akaungama kosa lake mbele ya watu wote, na shangazi naye akasema, akamkemea nduguye. Wakaketi pamoja baba, mwana na shangazi, na baba na mwana wakagawana enzi. Hata Mwindo mwenyewe hakuachwa na kiburi chake: baadaye Nkuba alimchukua juu mbinguni, akateswa na baridi na jua mpaka akajifunza kiasi. Aliporudi aliwapa watu wake maagizo, wasigombane, wasimcheke kilema, wasimtamani mke wa mtu.

Sasa tukirudi kwa Riordan twaona jambo ambalo msomaji wa Ulaya aweza kulipita bila kuliona. Yule Mwolimpo wa mwisho, ambaye kitabu kizima kimepewa jina lake, ni nani? Si Zeus, wala si Poseidon. Ni Hestia, mwenye kutunza moto wa meko. Ndiye mzaliwa wa kwanza wa Kronos, dada mkubwa wa Poseidon. Basi kwa Percy yeye ni shangazi!

Hestia alikiacha kiti chake cha enzi ili pasiwe na ugomvi katika ukoo. Tangu hapo huketi kando ya moto, umbo lake kama la msichana mdogo, akichochea makaa kwa kijiti, na watu hupita bila kumsalimu. Wakubwa wote wanapokwenda vitani, yeye ndiye anayebaki, kwa maana kinachobaki ni nyumba na meko yake. Percy amepewa chungu ambacho ndani yake limefungwa tumaini. Adui anataka akifungue, tumaini litoroke, vita viishe kwa kushindwa. Mara nyingi kijana anajaribiwa. Mwishoni anampelekea Hestia chungu kile, akitunze penye moto wa nyumbani. Hapo tumaini halitapotea.

Tena kamba ile ya Mwindo twaikuta hata hapa. Percy anapojitosa katika mto wa kuzimu apate mwili usiopenya silaha, anaona kama kamba iliyofungwa mgongoni mwake inamshika na dunia ya walio hai, na rafiki yake Annabeth anamvuta kwayo. Tena hakuweza kuingia mtoni kabla ya kupata baraka ya mama yake, Sally. Mtunzi Mmarekani na msimulizi Mnyanga hawakujuana, lakini wamesema neno moja: kijana hatoki kuzimu kwa nguvu zake peke yake. Yuko mtu juu aliyeshika kamba.

Watu wa kwetu walilijua neno hilo tangu zamani. Baba akimkataa mtoto, mlango wa shangazi haukufungwa, wala wa mjomba, wala wa bibi. Vita vimetawanya koo, machimbo yamewavuta wanaume mbali, na milango hiyo inafungwa mmoja mmoja. Watoto wa barabarani wanaongezeka kwa sababu mashangazi wamekuwa wachache. Tena siku hizi wako hata mashangazi wanaomfukuza mtoto yatima kwa kumwita mchawi! Mtu wa namna hiyo amekata kamba kwa mkono wake mwenyewe.

MAWE KATIKA UNGO

Sasa tutoe mawe. La kwanza ni dogo. Vita vimezidi. Sura hata sura ni panga na mazimwi, na majina ni mengi mno. Asiyesoma vitabu vinne vya kwanza atapotea njiani kama mgeni sokoni. Mtunzi tena anapenda mzaha hata pale penye maiti. Rafiki amekufa, machozi hayajakauka, mara Percy anatoa neno la kuchekesha. Kwetu mtu akifiwa huachiwa alie.

Jiwe la pili ni kubwa. Luke anajikomboa kwa kujichoma kisu. Mtunzi hakutaka kusifu kujiua. Ametaka kuonyesha kijana anayetoa maisha yake ili amzuie mwovu aliye ndani yake. Lakini kijana mwenye huzuni aweza kulisoma vingine. Aweza kudhani kwamba mwenye kukosa sana hana njia nyingine ya kutengeneza ila kifo. Sivyo! Uhai si mali yetu, ni amana ya Mungu, wala hakuna mwenye ruhusa ya kujiondolea. Na mkosaji anayo njia: Petro alikana mara tatu, akalia, akarudi, akapewa kondoo awachunge. Kadogo aliyetoka porini na damu mikononi asiambiwe hata siku moja kwamba dawa yake ni kufa. Dawa yake ni kitubio, ni kazi, ni watu wa kumpokea. Hapo hadithi ya Mwindo yaishinda hadithi ya Riordan, maana ndani yake mkosaji analetwa juu akiwa hai, anaungama mbele ya watu, anapewa kiti akae. Hii ndiyo hatari tuliyosema tutaitaja. Mzazi au katekista atakayempa kijana kitabu hiki asikose kuzungumza naye juu ya sura hiyo.

Jiwe la tatu: hao miungu waliwatuma watoto vitani, nao wenyewe hawaombi radhi sawasawa. Wanaapa, wanatoa zawadi, wanafanya karamu. Shemwindo aliungama. Zeus haungami. Twafikiri mtunzi amewaachilia wakubwa wale mapema mno.

HUKUMU YETU

Basi, tumekipembua. Twasema kitabu hiki cha Riordan kina chakula ndani yake. Kijana wa sekondari aweza kukisoma, kwa sharti asikisome peke yake. Kiliandikwa na mwalimu aliyewapenda wanafunzi wanaoshindwa, na kinaishia kwa kijana anayekataa enzi kwa ajili ya wenzake wasio na baba. Hadithi nyingi za mashujaa haziishii hivyo.

Lakini neno lake kubwa zaidi halikuandikiwa vijana. Limeandikiwa sisi watu wazima. Wewe baba, kama yuko mtoto wako mahali fulani, Wamaza au Kasongo au kwenye machimbo, ambaye hujamkiri, usingoje aje kwako na silaha mkononi. Kamtafute. Nenda ofisini ukaandikishe jina lako, kisha nenda nyumbani kwake ukamwulize amekula nini. Wewe shangazi, usidhani huna kazi katika ukoo kwa sababu huna kiti cha enzi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tia kuni motoni, acha mlango wazi, shika kamba.

Maana Kronos hakosi njaa, naye hutembea usiku akitafuta mtoto aliye peke yake. Akimkuta penye meko, pana mtu wa kumwita kwa jina, atapita.